Bandia, Hafifu na Magendo: Uhakiki wa Istilahi za Soko la Simu za Mkononi

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza fungu moja dogo la istilahi ambalo, kwa maoni yetu, limeachwa mno mikononi mwa wenye maduka na waandishi wa habari. Fungu hilo ni la maneno yaliyoletwa na ushindani wa watengenezaji wa simu za mkononi, tangu simu hizo zilipoingia nchini katikati ya miaka ya 1990 mpaka tarehe 16 Juni 2016, siku ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia mitandaoni simu ambazo namba zake hazikutambulika. Baadhi ya maneno hayo ni mazuri, nayo yastahili kuingizwa katika maandishi rasmi bila kusitasita. Mengine huchanganya mambo ambayo sheria imeyatenga, na mchanganyo huo waweza kumpotezea mwananchi fedha yake na haki yake pia.

Mifano yetu tumeielekeza katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa sababu tatu. Kwanza, ni wilaya za mpakani. Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda na Rwanda, na bidhaa za ng'ambo huwafikia wananchi wa huko kwa njia ya Murongo kwa urahisi kama zinavyowafikia kwa njia ya Bukoba. Pili, wakazi wengi wa huko wana Kinyambo au lugha nyingine ya jirani kwa lugha ya kwanza, na Kiswahili wamekipata shuleni, sokoni na redioni. Istilahi ikieleweka vizuri Nkwenda na Kaisho, hatuna shaka itaeleweka kwingineko. Tatu, ni nchi ya wakulima wa kahawa na migomba, ambao fedha huja kwa msimu. Mkulima anayenunua simu kwa fedha ya mavuno ya kahawa hana nafasi ya kununua nyingine mwezi unaofuata akigundua kwamba amedanganywa. Kwake yeye, maana ya neno lililoandikwa juu ya boksi au katika tangazo la Serikali ni jambo zito.

Kila neno tutalipima kwa maswali matatu. Je, linakitenga kitu kinachotajwa na vitu vingine vinavyofanana nacho? Je, Afisa Mtendaji wa Kijiji aweza kulisoma mbele ya mkutano bila kulazimika kulieleza upya? Na je, linakubaliana na sarufi ya Kiswahili, hata liweze kuzaa maneno mengine?

2. "Kampuni ya simu": nani alishindana na nani?

Mwananchi wa Omurushaka aliyekuwa mtu mzima miaka ile akiambiwa kwamba kampuni za simu zilishindana vikali, mawazo yake yataelekea Mobitel, Vodacom iliyoanza nchini mwaka 2000, na Celtel iliyoanza mwaka 2001. Hatafikiria Nokia, Motorola, Ericsson, Siemens wala Samsung. Katika matumizi ya kawaida "kampuni ya simu" ni ile yenye minara, inayouza vocha na kumpa mtu laini. Mfasiri anayeandika "ushindani wa kampuni za simu" akikusudia watengenezaji wa vyombo vyenyewe amekwisha kumpoteza msomaji katika sentensi ya kwanza.

Mkanganyo huu si wa lugha tu, bali una asili yake katika biashara. Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani mteja alikuwa akipewa chombo na mwenye mtandao kwa bei iliyopunguzwa, naye akifungwa kwa mkataba wa mwaka mmodi au miwili. Mtengenezaji alimuuzia mwenye mtandao, na mwenye mtandao akamuuzia mtu. Kwetu haikuwa hivyo. Watumiaji walio wengi walilipa kabla ya kuongea, kwa kukwangua vocha. Chombo kilinunuliwa dukani kwa fedha taslimu, na laini ikanunuliwa mbali. Kwa hiyo watengenezaji walishindana mbele ya macho ya mnunuzi mwenyewe, juu ya meza ya duka, kwa bei na kwa sifa za chombo. Ndiyo maana maneno mengi tunayoyajadili hapa yalibuniwa na wanunuzi na wauzaji, wala hayakutoka katika ofisi ya mtu.

Tunapendekeza basi tofauti hii ishikwe daima: mtengenezaji wa simu ni mwenye kiwanda, kampuni ya mtandao ni mwenye minara na laini. Neno "mtoa huduma", ambalo limeenea katika nyaraka, halifai peke yake, maana mwalimu, mganga na hata kinyozi ni watoa huduma pia.

Hapo hapo yafaa tukumbushe tofauti ya ushindani na mashindano. Mashindano yana mwamuzi, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kama yale ya kandanda. Ushindani ni hali inayoendelea, ambayo mshindi wa leo aweza kuwa mshindwa wa kesho. Tume ya Ushindani ilichaguliwa jina sawasawa. Wafasiri wanaoandika "mashindano ya Nokia na Motorola" wanampa msomaji picha ya kombe lililotolewa na mchezo ukaisha, hali mambo hayakwenda hivyo hata kidogo, kama tutakavyoona.

3. Jina la chombo chenyewe

Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni waya. Wazee wetu walilipokea wakati wa nguzo na nyaya, wakasema "kupiga simu" kwa habari zilizopelekwa kwa waya. Baadaye walisema "simu ya upepo" kwa mawasiliano yasiyo na waya, ingawa kwa asili ya neno hilo walikuwa wakisema "waya wa upepo". Hakuna aliyelalamika, na sisi hatulalamiki. Neno likishakaa katika lugha halifungwi tena na asili yake. Lakini historia hiyo yatufundisha kwamba chombo kipya kilipokuja, Kiswahili hakikuhitaji neno jipya kabisa. Kilihitaji kivumishi tu cha kukitenga na simu ya nyumbani.

Vivumishi vilivyopendekezwa vilifuata safari ya chombo chenyewe. Tarehe 3 Aprili 1973 mhandisi Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza ya aina hii akiwa barabarani mjini New York. Miaka kumi baadaye, mwaka 1983, kampuni hiyo ilitoa simu iitwayo DynaTAC 8000X, yenye uzito wa karibu gramu 800, kwa bei ya dola 3,995 za Marekani. Iliongewa kwa muda wa nusu saa hivi kisha betri ikaisha. Mwaka 1991 mtandao wa kwanza wa GSM ulifunguliwa nchini Finland, na mwaka uliofuata Nokia ya nchi hiyo ikatoa simu yake ya kwanza ya GSM ya kuuzwa kwa wingi, aina ya 1011. Tangu hapo watengenezaji walishindana kupunguza uzito. Motorola ilitoa StarTAC mwaka 1996, simu ya kukunja isiyofikia gramu 100. Mwaka 1998 Nokia iliipita Motorola kwa wingi wa simu zilizouzwa duniani.

Katika miaka hiyo tulisikia kwetu "simu ya selula" au "selula" peke yake. Neno hili lilieleza namna mtandao unavyogawa nchi katika vieneo vidogo, kila kimoja na mnara wake. Ni maelezo ya kweli, lakini ni ya mhandisi. Mwenye simu haoni seli. Anaona kitu alichokishika. Kwa swali letu la pili selula lilishindwa, nalo limekwisha kufifia bila kufukuzwa na mtu.

"Simu ya mkononi" lilishinda kwa sababu lilisema lile linaloonekana. Mtu aweza kubisha kwamba hata mkonga wa simu ya mezani hushikwa kwa mkono. Ni kweli, lakini mkonga umefungwa kwa waya na simu yake haiondoki mezani. "Simu ya kiganjani" lilifuata vyombo vilipozidi kuwa vidogo, na maneno hayo mawili yameishi pamoja bila madhara. Kwa nyaraka rasmi sisi tunashauri mkononi litumike peke yake, ili msomaji asidhani kwamba ni aina mbili za simu. Rununu, linalopendwa na waandishi wa Kenya, na simutamba, lililowahi kupendekezwa, yana sifa ya kuwa neno moja, jambo ambalo huwavutia watunga istilahi. Hata hivyo hatuoni faida ya kumpelekea mkulima wa Kaisho neno la pili kwa kitu ambacho amekwisha kukipa jina.

4. Kitochi

Tunalifikia sasa neno ambalo kwa maoni yetu ni bora kuliko yote yaliyotoka katika soko hili. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu aina ya 1100. Haikuwa na kamera wala rangi katika kioo chake. Vitufe vyake vilifunikwa kwa utando mmoja ili vumbi lisipenye, ubavu wake ulifanywa wa kukwaruza ili isiteleze mkononi, na juu yake palikuwa na taa ndogo. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani, nayo ni miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyouzwa kwa wingi kabisa katika historia.

Si vigumu kueleza kwa nini simu ya namna hiyo ilifaa Karagwe. Wakati ule vijiji vilivyo vingi havikuwa na umeme. Simu ilipelekwa kwenye kibanda cha kuchaji, ikalipiwa, ikasubiriwa. Betri iliyodumu siku kadhaa ilikuwa akiba ya fedha na ya mwendo. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara huingia kila mahali. Na usiku, kutoka nyumba hadi nyumba katikati ya migomba, taa ile ndogo iliondoa haja ya kununua tochi na betri zake. Wahandisi wa mbali walikuwa wamefikiria maisha ya watu wa namna hii, na watu nao wakaipa simu hiyo jina la sifa waliyoithamini: simu ya tochi, kisha kitochi.

Tukilipima neno hili, linajibu maswali yote matatu. Limetengenezwa kwa kiambishi ki- cha udogo, ambacho kila mtoto anakijua. Wingi wake ni vitochi. Msikilizaji wa Kinyambo, ambaye katika lugha yake udogo huonyeshwa kwa ka-, halimtatizi. Naye akivuka Murongo kuingia Uganda atasikia katochi, na hatakosa kutambua kwamba ni kitu kile kile. Wakenya walisema "mulika mwizi", ambalo ni picha ya kuchekesha na nzuri, lakini ni sentensi zaidi kuliko jina, na halina wingi. Kwetu pia kulikuwa na kiswaswadu, lakini neno hilo lina dharau ndani yake. Mtu hulitumia kwa simu ya mwenzake, mara chache kwa ya kwake.

Lipo pingamizi moja la haki. Siku hizi hata simu janja zina tochi, kwa hiyo sifa iliyozaa jina haitengi tena. Jibu letu ni lile lile la neno simu: jina likishakaa halidai tena ushahidi wa asili yake. Kitochi sasa ni simu yoyote ya vitufe, ya bei nafuu, isiyoweka programu nyingi, iwe ya Nokia au ya mwingine. Katika hati za zabuni na mitaala, panapohitajika usahihi wa kiufundi, pasemwe "simu ya vitufe". Kwingineko kote kitochi liandikwe bila alama za kunukuu, kama neno lolote la heshima.

Yafaa pia wasomaji wakumbuke kwamba Nokia haikuachwa peke yake katika soko hili la chini. Mwaka 2005 umoja wa kampuni za mitandao ya GSM uliichagua Motorola itengeneze simu ya bei isiyofikia dola 40 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kampuni ile ile iliyoanza na simu ya dola 3,995 ilikuwa imeshuka, katika muda wa miaka 22, mpaka chini ya sehemu moja ya mia ya bei hiyo. Siemens kwa upande wake ilishindwa, na mwaka huo huo ikaikabidhi kazi yake ya simu kwa BenQ ya Taiwan. Huo ndio ushindani tuliosema hauna siku ya kumalizika.

5. Laini na simu ya laini mbili

Kupiga simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulikuwa ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao mmoja. Kwa sababu hiyo watu wengi walinunua kadi mbili au tatu, wakawa wanazibadili kwa kufungua mgongo wa simu. Katika vijiji vya mpakani sababu ilikuwa kubwa zaidi, maana mfanyabiashara wa Murongo alihitaji namba ya Tanzania na ya Uganda. Nokia, iliyokuwa imetawala soko, ilichelewa kuliona hitaji hili. Tecno, iliyoanzishwa nchini China mwaka 2006 na kulielekeza soko lake Afrika, ilitoa simu ya kuchukua kadi mbili mwaka 2007, na Nokia ikafuata miaka mitatu baadaye. Kampuni kubwa ilipitwa kwa kutotazama matumizi ya wanunuzi wake.

Sokoni simu hizo ziliitwa "simu za laini mbili", na jina hilo ni sahihi. Tatizo limo katika neno laini lenyewe, ambalo sasa lina maana mbili: ile kadi ndogo, na ile haki ya mtu kutumia namba fulani katika mtandao fulani. Kwa mazungumzo ya kila siku hakuna hasara. Kwa sheria ipo. Kadi ikivunjika, laini haijapotea. Mwenye nayo hupewa kadi nyingine yenye namba ile ile. Tunapendekeza laini liachwe kwa maana ya pili, na kile kipande cha plastiki kiitwe kadi ya laini.

Tofauti ya laini na chombo ilipata uzito mkubwa kwa matukio mawili ambayo wananchi wengi wameyachanganya. Mwezi Juni 2016 kilichofungiwa kilikuwa chombo. Laini ilibaki hai, na mtu aliweza kuitia katika simu nyingine. Mwezi Januari 2020, baada ya muda wa kusajili kwa alama za vidole kumalizika, kilichofungiwa kilikuwa laini. Chombo kilibaki kizima, na mtu aliweza kukitumia kwa laini iliyosajiliwa. Matukio yote mawili yaliitwa "kuzimiwa simu". Lakini kuzima simu ni jambo ambalo mwenye simu hulifanya mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, kisha akaiwasha tena. Mtu anayeambiwa "simu yako itazimwa" ana haki ya kuuliza kwa nini asiiwashe. Tuseme kufungia chombo na kufungia laini, na kuzima tumwachie mwenye simu.

6. Feki, bandia na jamaa zake

Sasa tunaingia katika kiini cha makala haya. Tukio la 2016 lilikuwa na neno moja midomoni mwa watu na katika vichwa vya habari: feki. Waandishi waliopenda Kiswahili fasaha walisema bandia. Hoja yetu ni kwamba kubadili feki kwa bandia hakukutosha, kwa kuwa nyuma ya neno hilo moja kulikuwa na mambo manne yaliyo mbalimbali.

Ili kuyaona mambo hayo ni lazima tueleze zilikotoka simu zenyewe. Katika miaka ya mwanzo kutengeneza simu kulihitaji maarifa na mtaji ambao kampuni chache tu zilikuwa nao. Hali ilibadilika katika miaka ya 2000, kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilipoanza kuuza vipuri vya ndani vikiwa vimekwisha kuunganishwa pamoja na programu zake. Karakana ndogo ya Shenzhen ikaweza kununua moyo wa simu, kuuvika ganda, na kuuza. Mwaka 2007 China iliondoa sharti la leseni kwa watengenezaji wa simu, na karakana hizo zikazidi. Wachina wenyewe waliziita simu hizo kwa neno shanzhai, ambalo maana yake ya asili ni ngome ya mlimani, makimbilio ya watu wasiotii serikali. Baadhi zilibandikwa majina ya kuigiza, kama Nokla. Baadhi zilikuwa na majina yao wenyewe yasiyoiga ya mtu. Nyingi hazikuwa na namba tambulishi halali, au maelfu yao yalichapwa namba moja.

Kutokana na hali hiyo ndipo likazuka katika maduka yetu jina "simu ya Kichina", likiwa na maana ya simu isiyoaminika. Jina hilo lina kosa la wazi. Tecno halali ni ya Kichina, na Nokia nyingi zilizo halali kabisa ziliunganishwa katika viwanda vya China. Mahali bidhaa ilikotoka si sawa na uhalali wake. Tunawaomba walimu wasilitumie jina hilo darasani, na watumishi wa umma wasiliandike kabisa.

Mambo manne tuliyoyataja ni haya yafuatayo.

(a) Simu bandia. Hii ni simu inayojidai kuwa imetengenezwa na mtu ambaye hakuitengeneza. Kiini chake ni udanganyifu wa jina au alama. Simu bandia yaweza hata kuwa madhubuti, lakini ni bandia. Jambo hili linahusu Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mlalamikaji huenda Tume ya Ushindani.

(b) Simu hafifu. Hii haikufikia viwango vilivyowekwa: betri yake huvimba, au chaji yake ni ya hatari. Yaweza kuwa na jina halali la mtengenezaji wake. Neno hafifu limekwisha kuzoewa na Shirika la Viwango Tanzania katika kazi zake, nalo ni zuri. Duni tunalikataa hapa, kwa sababu husemwa pia juu ya kitu cha bei ndogo tu, na kitochi cha bei ndogo si lazima kiwe hafifu.

(c) Simu ya magendo. Hii yaweza kuwa halisi na madhubuti, ila imeingizwa nchini bila kulipiwa ushuru. Watu wa mpakani hawahitaji kufundishwa neno magendo; wamelijua tangu siku za magendo ya kahawa. Shauri lake ni la Mamlaka ya Mapato Tanzania.

(d) Simu isiyotambulika. Hii ni simu ambayo namba yake tambulishi haimo katika orodha halali. Namba hiyo ina tarakimu 15, ambazo nane za mwanzo hutaja aina ya chombo, sita huwa ni za chombo chenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakikisha. Shauri lake ni la Mamlaka ya Mawasiliano, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Msomaji akiyatazama mafungu haya ataona kwamba mtambo uliotumika mwaka 2016 uliweza kuuliza swali moja tu, yaani lile la fungu (d). Mtambo haukujua kama simu iliiga jina la mwingine, kama betri yake ilikuwa nzuri, wala kama ushuru ulilipwa. Simu bandia iliyonakili namba ya simu halali iliweza kupita. Simu isiyoiga jina la mtu yeyote, lakini isiyo na namba halali, ilifungiwa. Kuziita zote "bandia" kulimwambia mwananchi jambo ambalo mtambo haukulipima.

Hasara ya mchanganyo huu si ya nadharia. Mtu wa Isingiro ambaye simu yake imefungiwa akiambiwa ni bandia, ataelewa kwamba muuzaji alimdanganya jina, naye atatafuta ofisi inayoshughulikia udanganyifu huo. Yawezekana muuzaji hakudanganya jina lolote. Alimuuzia chombo kisichotambulika, ambalo ni dai jingine, lenye ushahidi mwingine na ofisi nyingine. Ofisi hizo hazimo kijijini, na kila safari ya bure ina nauli yake. Vile vile mtu mwenye simu halisi aliyoinunua ng'ambo ya mto kwa magendo aweza kujiona yu salama kwa sababu "si feki". Neno moja limemtisha asiye na kosa na kumtuliza mwenye nalo.

Majirani zetu wa Kenya, waliofungia simu za namna hii mwishoni mwa Septemba 2012, hupenda kusema "simu ghushi". Neno hili lina nguvu, lakini kwetu kughushi limezoewa kwa hati na sahihi, nasi tungependa libaki huko. Kwa upande mwingine twapenda kuusifu msamiati rasmi wa kazi hiyo nchini. Namba tambulishi limetokana na kitenzi kinachojulikana, na laeleza kazi ya kitu chenyewe. Rajisi ni neno la kukopa lililovaa vizuri sauti za Kiswahili. Kasoro haikuwa katika maneno hayo mapya. Ilikuwa katika kuyaweka ndani ya sentensi moja na feki.

7. Mfano wa tangazo

Ili hoja yetu isibaki hewani, tuchukue tangazo la mfano tulilolitunga sisi wenyewe: "Simu zote feki zitazimwa usiku wa leo." Maneno hayo ni mafupi, lakini yana makosa mawili tuliyoyaeleza. Tulinganishe na haya: "Kuanzia usiku wa leo, simu ambayo namba yake tambulishi haimo katika rajisi itafungiwa mitandao yote. Laini yako haitafungiwa; waweza kuitia katika simu nyingine. Ili kuiona namba tambulishi bonyeza *#06#." Tangazo la pili ni refu zaidi, lakini Mtendaji akilisoma Nyaishozi au Mabira hataulizwa swali la maana ya neno. Ataulizwa swali la kazi, yaani mtu afanye nini, na jibu limo katika tangazo lenyewe.

8. Mapendekezo

Kwa kufupisha, tunawashauri wafasiri, walimu na watumishi wa umma wafuate matumizi haya:

mtengenezaji wa simu: mwenye kiwanda cha vyombo;
kampuni ya mtandao: mwenye minara na laini;
simu ya mkononi: jina la jumla la chombo;
kitochi; katika hati za kiufundi, simu ya vitufe;
laini: haki ya kutumia namba; kadi ya laini: kadi yenyewe;
kufungia chombo, kufungia laini: si kuzima;
simu halisi: kinyume cha bandia (wauzaji husema orijino);
simu bandia, simu hafifu, simu ya magendo, simu isiyotambulika: kila moja kwa maana yake;
simu ya mtumba: iliyokwisha kutumika, ambayo si kosa kuiuza wala kuinunua.

Feki liachwe katika mazungumzo, ambako lina kazi yake na utamu wake. Lisiandikwe katika tangazo, sheria, barua ya malalamiko wala kitabu cha shule.

9. Tamati

Nokia iliyoonekana haishindiki ilikubali mwaka 2013 kuiuzia Microsoft kazi yake ya simu, na mauzo hayo yakakamilika mwaka 2014. Motorola ya simu nayo imekwisha kubadili wenyewe zaidi ya mara moja. Watengenezaji hao hawawezi tena kutuambia lolote kuhusu maneno yao, lakini maneno yamebaki kwetu, na bado yanasomwa mbele ya mikutano ya vijiji. Bidhaa nyingine zinafuata njia ile ile: taa za jua, betri za pikipiki, mbegu na dawa za mifugo. Kila moja itakuwa na yake iliyo bandia, iliyo hafifu na ya magendo, na kila moja itahitaji mtu wa kuyatenga maneno hayo kabla tangazo halijabandikwa.

Twawaomba wasomaji, hasa walimu wa Karagwe na Kyerwa na wa wilaya nyingine za mpakani, watuletee maneno yanayotumika sokoni kwao kwa mambo haya, pamoja na maana zake kamili. Orodha iliyotolewa hapa si ya mwisho, nasi tu tayari kuirekebisha pale tutakapoonyeshwa neno lililo bora zaidi.